Moshi Mweusi wa Hospitali ya Wilaya: Jinsi Kichomeo cha Boila Kinavyowashwa na Kurekebishwa

Kwa takriban wiki mbili za mwezi Juni, wakazi wa mitaa inayopakana na Hospitali yetu ya Wilaya waliamka na kuikuta dohani ya jengo la nyuma la hospitali hiyo ikitoa moshi mweusi mzito. Nguo zilizoanikwa ziliingia madoa ya masizi. Katika mkutano wa hadhara wa kata, mama mmoja alisimama akiwa na shuka jeupe mkononi na kuuliza, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, iwapo Halmashauri imeanza kuchoma matairi. Wapo waliodai kuwa zinachomwa taka za wodini. Maswali hayo yalistahili majibu, na Ofisi ya Mkurugenzi Mtendaji ilielekeza yatolewe kupitia jarida hili bila kuficha mahali tulipokosea.

Jibu fupi ni kwamba moshi ule haukutoka katika tanuri la taka, ambalo lipo upande mwingine wa uwanja na lina dohani yake. Ulitoka katika boila, yaani mtambo unaochemsha maji na kutengeneza mvuke. Kichomeo cha boila hiyo kilibadilishwa mwishoni mwa Mei. Fundi aliyekifunga alikiwasha, akaona moto unawaka, akakusanya vifaa vyake na kuondoka. Kurekebisha moto huo kwa vipimo hakukufanyika, nasi hatukumdai afanye hivyo kabla ya kutia saini ya kupokea kazi. Jibu refu ndilo linalofuata. Mwandishi wa makala haya alisomea habari, si ufundi wa mitambo. Alisimama siku mbili katika chumba cha boila wakati kazi ikirudiwa, akiuliza maswali ambayo mengine, kwa kuyakumbuka sasa, yalikuwa ya kitoto.

Ni vema kwanza ieleweke mvuke huo unafanya kazi gani, kwa sababu wengi wetu hufika hospitali, tukatibiwa na kurudi nyumbani bila kujua kwamba kuna moto unaowaka nyuma ya majengo kwa ajili yetu. Mvuke hufua na kukausha mashuka ya wodi zote. Hupika uji na chakula cha wagonjwa. Zaidi ya yote, hutakasa vifaa vya upasuaji. Mikasi, koleo na vitambaa vinavyotumika kumfanyia mama upasuaji wa uzazi haviwezi kutumika tena mpaka vipitishwe katika mvuke wenye joto la nyuzi 121 za Selsiasi kwa muda usiopungua dakika 15, au nyuzi 134 kwa muda usiopungua dakika 3. Hapa kwetu, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, maji ya sufuria iliyo wazi huchemka yakiwa na nyuzi 94 hivi tu, jambo ambalo kila mpishi wa maharage wa wilaya hii analijua hata kama hajawahi kushika kipimajoto. Kuyafikisha maji kwenye nyuzi 121 kunahitaji chombo kilichofungwa, presha, na moto usiotetereka. Boila inaposimama, hospitali hubaki na mashine ndogo za umeme ambazo hutakasa seti chache kwa wakati mmoja, na ratiba ya chumba cha upasuaji hupunguzwa hadi wagonjwa wa dharura pekee. Ndivyo ilivyokuwa siku mbili za marekebisho, na tunawaomba radhi wagonjwa ambao siku zao zilisogezwa mbele.

Sasa tuje kwenye kichomeo chenyewe. Dizeli iliyomwagwa sakafuni haishiki moto kwa urahisi. Ili iwake vizuri lazima ipasuliwe kuwa ukungu wa matone madogo mno na kuchanganywa na hewa. Kazi hiyo hufanywa na pampu inayoisukuma dizeli kwa nguvu kupitia nozo, kipande cha chuma kisichozidi ukubwa wa kifundo cha kidole, chenye tundu jembamba kuliko uzi wa kushonea. Feni hupuliza hewa kuuzunguka ukungu huo. Transfoma hutoa umeme wa takriban volti 10,000, ambao huruka kati ya ncha mbili za chuma na kutoa cheche. Pembeni kuna kihisi mwanga, ambacho mafundi hukiita jicho, kinachotazama ndani na kuiarifu mashine kama mwali upo au haupo. Vyote hivyo huamriwa na kisanduku kidogo cha udhibiti chenye kitufe chekundu. Kitufe hicho tutakirudia, maana ndicho kilichonitia hofu kuliko vyote.

Kabla ya kukigusa, fundi alitumia asubuhi nzima kwa mambo ambayo mtazamaji asiye na subira angedhani ni kupoteza muda. Alitazama kioo cha kuonyesha kina cha maji ndani ya boila, kwa kuwa boila inayowashwa ikiwa na maji pungufu huungua chuma chake na inaweza kupasuka. Alifungua bomba la chini kabisa la tangi la dizeli na kukinga ndoo. Yakatoka maji kwanza, kisha dizeli. Hakuna aliyeyatia maji hayo: usiku wa baridi, unyevu uliomo katika hewa ya tangi lisilojaa huganda kuwa matone kwenye kuta zake na kushuka chini, kwa sababu maji ni mazito kuliko dizeli. Alibadilisha chujio. Alitoa hewa iliyonaswa ndani ya pampu. Alichomoa nozo, akasoma namba zilizochongwa ubavuni zinazoonyesha kiasi cha mafuta na upana wa mnyunyizo, akazilinganisha na kitabu cha boila. Nozo iliyochakaa, alisema, haisafishwi kwa waya wala sindano. Hutupwa na kuwekwa mpya, kwani mkwaruzo usioonekana kwa macho hutosha kuupinda mnyunyizo wote upande mmoja. Mwisho aliingiza kichwa na tochi katika tumbo la boila kuhakikisha hakuna dizeli iliyotuama humo.

Hilo la mwisho ndilo linalohusu kitufe chekundu.

Kichomeo kinapowashwa hakitoi moto papo hapo. Feni huzunguka kwanza peke yake, ikisukuma nje mvuke wowote wa mafuta uliobaki tangu mara ya mwisho. Kisha cheche huanza kuruka, vali hufunguka, dizeli hunyunyizwa. Kuanzia hapo jicho lina sekunde chache tu, tano au kumi kwa vichomeo vingi vya aina hii, kuuona mwali. Lisipouona, kisanduku hufunga dizeli, huwasha taa nyekundu na kukataa kuendelea mpaka mtu abonyeze kitufe. Mtu mwenye haraka hubonyeza. Ukishindwa tena, hubonyeza tena. Kila jaribio lililoshindwa limekwisha kumwaga dizeli ndani ya tumbo la boila. Tumbo likiwa na joto, dizeli hiyo hugeuka mvuke na kujaa humo. Siku cheche itakapokubali, kinachowaka si mnyunyizo wa sekunde moja, bali limbikizo la majaribio yote. Milango ya boila imewahi kung'olewa kwa namna hiyo, na watu waliosimama mbele yake wameungua.

Mwendesha boila wetu, mzee ambaye ameuhudumia mtambo ule kwa miaka mingi kuliko muda wangu wote wa utumishi, alikiri kwamba katika zile wiki mbili za Juni alikuwa akibonyeza mara nne, mara tano asubuhi. Hakuna aliyewahi kumweleza vinginevyo, na wodi ya wazazi ilikuwa ikisubiri mashuka. Sasa pameandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kitufe: mara moja tu, taa ikirudi, zima na umwite mhandisi wa zamu. Uongozi wa hospitali umekubali kuwa mashuka yatachelewa siku hiyo, na kwamba hakuna atakayemkaripia mzee kwa sababu hiyo.

Baada ya maandalizi kukamilika moto uliwashwa, ukaachwa mdogo kwa muda mrefu. Chuma baridi kikipashwa kwa pupa hutanuka upande mmoja kabla ya mwingine, na viungo vyake huanza kuvuja. Tundu la juu la boila liliachwa wazi hadi hewa ya ndani ilipokwisha kutoka na mvuke mtupu ukaanza kuvuma. Tulikunywa chai mara mbili.

Moshi nao ulitoka, mweusi kama wa Juni.

Fundi hakuonekana kushangaa. Alieleza kwamba lita moja ya dizeli, ili iungue yote, huhitaji takriban mita 10 za ujazo za hewa, kiasi cha kujaza chumba kidogo cha kulala. Hiyo ni hewa ya usawa wa bahari, kama ya Dar es Salaam. Kwenye mwinuko wetu hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 16. Feni inayozunguka kwa kasi ileile husukuma ujazo uleule, lakini oksijeni iliyomo ndani yake ni pungufu, ilhali dizeli inayotoka kwenye nozo haijapungua. Kichomeo chetu kilifika kikiwa na mpangilio wa kiwandani, uliofaa mahali pa chini kuliko huku. Mafuta yaliyokosa oksijeni hayaungui yote. Kaboni yake hupanda dohani kama masizi, na nyingine huishia kwenye mashuka ya wananchi.

Lakini alipokifungua kilango cha hewa cha kichomeo zaidi na zaidi, moshi ulipungua kidogo tu. Kijana yule akasimama, akazitazama kuta.

“Mzee wangu, humu ndani hewa inaingilia wapi?”

Mzee alinyoosha kidole kwenye matundu mawili chini ya ukuta. Yote mawili yalikuwa yamesindiliwa magunia.

“Baridi, mwanangu,” alisema. “Usiku wa Juni humu, miguu inakufa ganzi.”

Magunia yalitolewa. Sitasahau sauti ya feni ilivyobadilika, kana kwamba mtu aliyekuwa akihema kwa shida ameachiwa pua. Ikumbukwe pia kwamba hatari ya matundu yale kuzibwa haikuwa moshi peke yake. Moto unaokosa hewa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo humlaza mtu asiamke. Ndiyo hiyohiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, jambo ambalo katika wilaya za baridi kama yetu halihitaji maelezo marefu. Mganga Mfawidhi aliagiza siku hiyohiyo mzee anunuliwe koti zito na viatu, na matundu yawekewe wavu wa chuma usiozibika kwa urahisi.

Kuanzia hapo ndipo kazi ya vipimo ilipoanza hasa. Nilikuwa nikiutazama mwali kupitia kioo na kutoa maoni juu ya rangi yake, mpaka fundi aliponiambia kwa upole, “Dada, wewe tazama karatasi.” Alikuwa na pampu ndogo ya mkono ambayo ncha yake aliiingiza katika tundu lililotobolewa kwenye bomba la dohani. Ndani ya pampu aliweka kipande cha karatasi nyeupe ya kuchujia, akavuta mara kumi. Doa lililobaki hulinganishwa na kadi yenye madoa yaliyopangwa kutoka 0, ambalo ni jeupe, hadi 9, ambalo ni jeusi tii. Kwa kichomeo cha dizeli kilichorekebishwa vizuri doa halipaswi kuzidi 1. Karatasi yetu ya kwanza haikuhitaji kadi. Mzee aliitazama akacheka.

Mtu anaweza kudhani kwamba dawa ya moshi ni kufungua hewa hadi mwisho. Hapa ndipo penye mtego wa pili, nao hauonekani, kwa sababu dohani haitoi chochote cha kulalamikia. Hewa inayozidi mahitaji ya moto huingia ikiwa baridi, hupashwa na moto, kisha hutoka nje na joto tulilolilipia. Kwa hiyo fundi alitumia kifaa cha pili, kipima gesi, kinachosomwa kwenye kioo chake kama simu. Hewa tunayovuta ina oksijeni karibu asilimia 21. Katika gesi za dohani ya kichomeo kilichokaa sawa, oksijeni inayobaki hutakiwa kuwa kati ya asilimia 3 na 5, na kaboni dayoksaidi kati ya asilimia 12 na 13 hivi. Oksijeni ikiwa juu ya hapo, tunapasha hewa ya mji. Ikiwa chini mno, masizi na kaboni monoksaidi haziko mbali. Joto la gesi hizo nalo husomwa, kwa maana linapopanda kwa nyuzi 20 hivi, takriban asilimia moja ya joto la dizeli imepotea dohani.

Kazi yenyewe ni ya kwenda na kurudi. Fundi hufungua hewa robo ya mzunguko, husubiri, huvuta karatasi, husoma kipimo, hufunga kidogo, husubiri tena. Boila yetu ina moto wa hatua mbili, mdogo na mkubwa, na kila mmoja hupimwa peke yake. Kuurekebisha mkubwa na kuuacha mdogo ni sawa na kutoufanya. Alipofikia kipimo alichokitaka aliongeza hewa kidogo tena makusudi. Hewa ya alfajiri si sawa na ya adhuhuri, alieleza, vumbi hukaa kwenye feni, na kichomeo kilichowekwa ukingoni kabisa kitarudi kutoa moshi kabla ya mwezi kwisha.

Presha ya pampu nayo ilipimwa kwa geji. Kipimo chake ni baa. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa baa 2 hivi, na pampu ya kichomeo kama hiki hufanya kazi kati ya baa 10 na 12. Ilibainika kuwa fundi wa kwanza aliipandisha hadi juu, pengine ili moto uonekane una nguvu. Kupandisha kutoka baa 10 hadi 12 huongeza dizeli kwa karibu asilimia 10, na hewa isipoongezwa kwa kadiri hiyo, nyongeza hiyo huishia kuwa masizi. Masizi hayaishii hewani tu. Hujibandika ndani ya mabomba ya boila na kuwa kama blanketi kati ya moto na maji. Boila hulazimika kuwaka muda mrefu zaidi kwa mvuke uleule, na dizeli hiyo hununuliwa kwa fedha zilezile ambazo hospitali hununulia dawa na glovu. Mabomba yetu yalisuguliwa kwa brashi siku ya kwanza. Masizi yaliyotoka yalijaza ndoo mbili.

Jioni ya siku ya pili yalibaki majaribio ya usalama. Jicho lilichomolewa wakati moto ukiwaka na kufunikwa kwa kiganja: kichomeo kilizima mara moja, kama kinavyopaswa. Maji ya kifaa kinachochunga kina yalitolewa ili boila idhani imepungukiwa, nayo ikazima. Vali ya usalama na mwili wa boila wenyewe ni suala la mkaguzi wa OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambaye cheti chake hubandikwa ukutani. Kisha skrubu zote zilikazwa na kuwekewa alama ya rangi, ili anayezigeuza baadaye ajulikane kuwa amezigeuza. Vipimo vyote, pamoja na ile karatasi ya kwanza nyeusi na ya mwisho, vimebandikwa katika daftari linaloning'inia mlangoni. Mkataba wa matengenezo umebadilishwa: hakuna malipo ya mwisho kwa fundi yeyote wa kichomeo mpaka karatasi na vipimo vyake viwe ndani ya daftari hilo.

Kwa wakazi wa mitaa jirani, yafuatayo ni ya kuzingatia. Kichomeo huwashwa saa kumi na moja alfajiri, na moshi hafifu wa dakika chache wakati wa kuwasha si jambo la kutia wasiwasi. Wingu jeupe linalotoka dohani asubuhi ya baridi na kutoweka upesi ni mvuke wa maji. Wingu jeupe linalodumu na kunuka dizeli ni jambo jingine kabisa: ni mafuta yanayotoka bila kuungua, na taarifa yake ni ya haraka kuliko hata ya moshi mweusi. Moshi mweusi au wa kijivu unaoendelea kwa zaidi ya robo saa nao utolewe taarifa. Mweleze Mwenyekiti wa Mtaa au Mtendaji wa Kata, mkitaja saa mlipouona na rangi yake, kwa kuwa mambo hayo mawili humsaidia fundi kujua pa kuanzia. Boila itasimamishwa tena kwa usafi na vipimo kabla ya msimu ujao wa baridi. Tarehe itabandikwa kwenye mbao za matangazo za kata wiki mbili kabla, ili wanaotarajia upasuaji usio wa dharura wapange mapema na daktari wao.

Mama mwenye shuka alialikwa kuja kuiona karatasi ya mwisho. Alikuja, akaigeuza pande zote mbili, akauliza shuka lake atalifua nani. Suala hilo lipo mezani kwa Katibu wa Afya.